Dikoda Hainyooshi Ekseli

Mwenye treni ya mfano akilalamika kwamba kichwa cha treni yake kinashtukashtuka kikienda polepole, jibu atakalopewa karibu kila anapouliza ni lile lile: nunua dikoda nzuri zaidi. Akisema anayo tayari, ataambiwa abadilishe namba zilizomo ndani yake. Namba zikishindwa, ataambiwa aongeze kapasita. Ushauri huu hutolewa madukani na vilabuni huko Uingereza, Ujerumani na Marekani, ambako burudani hii ina wapenzi wengi, na umerudiwa hata ukapata sura ya kanuni. Mimi nasema unaanzia mkiani. Mwendo wa taratibu huzaliwa kwenye magurudumu, kwenye gia na pale chuma kinapogusana na chuma. Elektroniki inaweza kuulinda mwendo huo ukishakuwapo, hata kuupamba, lakini haina uwezo wa kuuzaa. Anayeanza na dikoda ananunua kwa bei kubwa kifaa cha kuufunika ugonjwa, na ugonjwa uliofunikwa haukomi kula gia.

Kwa asiyeujua mfumo, maelezo mafupi yatatosha. Zamani mwendeshaji aliongeza na kupunguza volti kwenye reli zenyewe: mbili au tatu treni ikitambaa, kumi na mbili ikikimbia. Katika mfumo wa kidijitali wa DCC, uliojengwa juu ya kazi ya kampuni ya Lenz ya Ujerumani na kuwekewa viwango na chama cha NMRA cha Marekani katika miaka ya 1990, reli hupewa umeme kamili muda wote, volti 14 hivi kwa treni za kipimo cha HO. Umeme huo hugeuza uelekeo maelfu ya mara kwa sekunde, na urefu wa kila mgeuko ndio unaobeba ujumbe: mikrosekunde 58 ni moja, 100 au zaidi ni sifuri. Dikoda, kibao kidogo cha elektroniki kilichofichwa ndani ya kichwa, husoma ujumbe wenye namba yake na kuilisha mota umeme kwa vipande vifupi. Vipande vikiwa vyembamba treni huenda polepole, vikiwa vipana hukimbia. Tabia za dikoda hupangwa kwa kuandika namba kwenye vyumba vya kumbukumbu yake, vinavyotajwa kwa herufi CV: CV2 ni nguvu ya kuondokea, CV3 ni jinsi mwendo unavyopanda, CV4 ni jinsi unavyoshuka. Huo ndio uwanja ambao washauri wetu hawapendi kuutoka.

Tupige hesabu, maana ndiyo inayosahaulika. HO ni kipimo cha 1 kwa 87. Kichwa halisi kinachopanga mabehewa stesheni kwa kilomita 5 kwa saa, mfano wake unatakiwa uende milimita 16 kwa sekunde, yaani mita moja uimalize kwa zaidi ya dakika. Gurudumu lenye kipenyo cha milimita 12 litazunguka mara moja kwa sekunde mbili na ushei, na gia zikiwa za 30 kwa 1, mota itazunguka mara 760 hivi kwa dakika. Mota ya namna hiyo ikiachiwa inaweza kufika 12,000. Sasa, nishati inayotunzwa na kitu kinachozunguka hufuata mraba wa mwendo wake. Flaiwili, lile gurudumu zito linalofungwa kwenye shafti ya mota na kusifiwa sana katika matangazo, katika mwendo wa kutambaa inabaki na sehemu moja tu kati ya 250 ya nishati iliyonayo ikizunguka kwa kasi kamili. Kwa maneno mengine, msaada wake hutoweka pale pale unapohitajika. Na uchafu je? Doa la milimita moja juu ya reli huvukwa kwa milisekunde nne hivi treni ikiigiza kilomita 80 kwa saa. Ikiigiza 5, doa hilo hilo linakaa chini ya gurudumu kwa milisekunde zaidi ya 60. Kasoro ambayo mwendo wa kasi huiruka bila kuiona, mwendo wa pole huikalia. Ndiyo maana kichwa kinachokimbia vizuri hakijathibitisha lolote, na ndiyo maana wengi huapa kwamba treni yao ni nzima, tatizo ni dikoda tu.

Chukua dawa ya kwanza, CV2. Kichwa hakiondoki kwenye hatua ya kwanza ya mwendo, basi mwenyewe anapandisha namba mpaka kiondoke. Swali ni moja: kimekwamia wapi? Chombo chenye gia na magurudumu hakina ugumu ulio sawa kila mahali. Kina sehemu nzito na sehemu nyepesi katika kila mzunguko, na treni husimama kwenye ile nzito. Namba ya CV2 kwa hiyo huamuliwa na sehemu mbaya kuliko zote. Ukishaipata, kichwa kinajikwamua kutoka sehemu nzito, kinaingia kwenye nyepesi kikiwa na umeme uliopimwa kwa ajili ya nzito, na kinaruka mbele. Mruko huo ndio mwenyewe aliokuwa anaulalamikia tangu mwanzo. Wapo wanaoendelea kwa kuongeza CV3 na CV4 ili treni ionekane nzito na yenye adabu ikiondoka na kusimama; hapo wamefanikiwa kulifanya kosa lichukue muda mrefu zaidi kujionyesha.

Dawa ya pili ina heshima zaidi na inastahili kujibiwa kwa makini. Dikoda nzuri za leo hukata umeme wa mota kwa muda mfupi sana, na katika pengo hilo husoma volti ambayo mota yenyewe huizalisha kwa kuwa inazunguka. Volti hiyo ikishuka, dikoda inajua mota imelemewa na inaiongezea umeme, ikipanda, inaupunguza. Utaratibu huu ni ufundi wa kweli. Hoja ya upande wa pili inasema: mtu akichukua kichwa kilekile chenye kasoro, akaondoa dikoda ya zamani na kuweka yenye kipimo hiki, mwendo unanyooka mbele ya macho ya wote. Nakubali, unanyooka. Lakini jaribio hilo limepimwa upande mmoja tu. Hakuna aliyechukua dikoda ya zamani, akairudisha kwenye kichwa hicho baada ya magurudumu na gia kutengenezwa, kisha akalinganisha. Na hakuna aliyeangalia umeme unaoliwa. Sehemu nzito haijaondoka. Mota sasa inaipita kwa kusukumwa na umeme mwingi zaidi kila gurudumu linapoifikia, mzunguko baada ya mzunguko, na gharama inalipwa kwa joto la mota na kwa meno ya gia.

Isitoshe, kipimo hiki huja baada ya tukio. Dikoda haioni sehemu nzito ikija. Inagundua kwamba mwendo umeshuka, ndipo inasukuma. Gurudumu likitoka kwenye sehemu nzito kwa ghafla, msukumo bado upo. Ukiiamuru dikoda isahihishe kwa nguvu zaidi ili iwahi, inaanza kupita kiasi mbele na nyuma, na kichwa kinatetemeka kama kilivyokuwa, safari hii kwa kosa la elektroniki. Katika mwendo wa kutambaa hali ni ngumu zaidi, kwa sababu volti inayosomwa ni ndogo na kelele za brashi za kaboni za mota zinaifunika kwa urahisi. Dikoda za kampuni ya ESU za vizazi vya karibuni zina njia ya kujipima: unaandika 0 kwenye CV54, unabonyeza kitufe cha F1, kichwa kinafyatuka kwa kasi kwa muda mfupi, na namba zinajipanga zenyewe. Ni njia nzuri, ila tujue kilichopimwa: ni kichwa kile pamoja na kasoro zake zote. Namba zilizopatikana juu ya grisi iliyoganda hazitafaa grisi ikishaondolewa, kwa hiyo aliyeanza na dikoda atalazimika kuirudia kazi hata pale alipoipatia.

Kuna mahali ambapo kipimo hiki hakifichi chochote, na ni haki kupataja. Mota ya kawaida ina amecha, sehemu inayozunguka ndani yake, yenye meno ya chuma, na sumaku huyavuta meno hayo hatua kwa hatua; ukiizungusha kwa vidole unausikia mkato wake. Mota ya meno matatu hukata zaidi, ya matano kidogo, na yenye meno yaliyopindwa kwa mshazari hukata kidogo hata kuliko hiyo. Mkato huu si ugonjwa, ni maumbile ya mota, na unarudi kwa mpangilio. Dikoda inayoulainisha inafanya kazi yake halali. Lakini hata hapa tiba ya ndani zaidi haiko kwenye namba. Fritz Faulhaber wa Ujerumani alipobuni mota ambayo koili yake imefumwa kwa mshazari na kusimama yenyewe bila chuma ndani, mkato uliondoka kabisa, kwa kuwa sumaku haikuwa tena na meno ya kuyavuta. Cha kuchekesha ni kwamba mota hizo bora ndizo zilizoteswa na dikoda za mwanzo, zilizokata umeme kwa masafa ya chini, zikazipasha moto na kuzitikisa. Elektroniki haikuwa mwokozi siku zote. Kuna kipindi chombo ndicho kilichohitaji kuokolewa kutoka kwayo.

Nije kwenye mguso wa reli na gurudumu, ambako naamini vita vyenyewe hupiganwa. Watu husema mfumo wa kidijitali umepunguza tatizo hili kwa sababu reli ina volti kamili hata treni ikitambaa, na volti 14 hupenya utando mwembamba wa uchafu kuliko volti mbili. Ni kweli, kwa nusu. Nusu ya pili ni kwamba treni ya mfumo wa zamani ikikosa umeme kwa nukta, inasita na kuendelea. Mota haina kumbukumbu. Dikoda ina kumbukumbu na ina akili ya kompyuta, na ikikosa umeme kwa muda wa kutosha inazimika na kuwaka upya. Kichwa chenye sauti kinanyamaza, kinaanza tena kuunguruma tangu mwanzo, na mwendeshaji anasimama mbele ya wageni wake akijifanya ndivyo alivyopanga. Mfumo mpya unauhitaji mguso safi kuliko wa zamani, na wauzaji wameuza imani iliyo kinyume.

Mguso huo ni suala la jometri kabla ya kuwa suala la umeme. Kichwa chenye magurudumu manne yaliyofungwa kwenye fremu ngumu, kikiwekwa juu ya njia ambayo haikunyooka kabisa, kitasimama kwa matatu, la nne likielea kwa upana wa unywele. Mafiga ni matatu kwa sababu hiyo hiyo. Maana yake upande mmoja wa treni unapokea umeme kwa gurudumu moja tu, na gurudumu hilo likikanyaga doa, habari imekwisha. Visha mpira magurudumu mawili ili kichwa kivute mabehewa mengi, kama viwanda vingi vinavyofanya, na umeyaondoa hayo pia kwenye kazi ya kupokea umeme. Watu wa Protofour huko Uingereza, waliojenga treni zao kwa upana wa njia wa milimita 18.83, walilijua jambo hili kabla dikoda hazijakuwapo: wakafunga ekseli moja imara na nyingine zikaachwa zicheze juu na chini, ili kila gurudumu likae juu ya reli wakati wote. Vichwa vilivyotengenezwa vema kwa njia hiyo vilitambaa kwa umeme wa kawaida. Ushahidi huo pekee ungetosha kuitikisa kanuni tunayoijadili, kwa kuwa unaonyesha mwendo wa pole ukipatikana bila dikoda yoyote, ilhali ni nadra kuona dikoda ikiupata bila mguso.

Upande wa njia nao una madeni yake. Vipande vya reli vilivyoshikanishwa kwa vibati haviaminiki kupitisha umeme miaka yote. Kila kipande kinahitaji waya wake unaoshuka kwenye waya mnene chini ya meza. Jaribio la kuthibitisha ni la zamani na halina gharama: weka sarafu juu ya reli mbili, na mashine inayotoa umeme lazima ijizime papo hapo. Isipojizima, umeme unapotea njiani. Kisha kuna pointi, pale njia inapogawanyika. Katika aina nyingi, kipande ambamo reli zinakatana hutengenezwa kwa plastiki au huachwa bila umeme, na kichwa kifupi chenye magurudumu machache hufia hapo. Kuna pointi ambazo kipande hicho ni cha chuma na kinaweza kupewa umeme kupitia swichi. Kuunganisha swichi hizo chini ya meza ni kazi ya kuchosha shingo. Ndiyo kazi inayoepukwa kwa kununua kapasita.

Na kapasita ndiyo dawa ya tatu. Hoja yake inavutia: umeme ukikatika, kapasita inailisha dikoda mpaka urudi. Tazama hesabu. Kapasita ya mikrofaradi 1,000, kwa kichwa kinachokula ampea 0.1, volti zikishuka kutoka 13 hadi 6, hudumu kwa milisekunde 70. Kwa milimita 16 kwa sekunde, huo ni mwendo wa milimita moja na kidogo. Inasaidia kuvuka doa, haivushi pointi. Basi wanaweka kapasita kubwa, tano za faradi moja zikifungwa kwa mfululizo, ambazo kwa hesabu ileile zinaweza kukiendesha kichwa kwa sekunde 14. Hapo uvukaji unapatikana, lakini fikiria kilichotolewa. Kichwa kisichogusa reli hakipati umeme, na hakipati amri pia, kwa sababu vyote viwili husafiri kwenye chuma kilekile. Kwa muda wote ambao kapasita inakiendesha, hakisikii ukikiambia simama. Baadhi ya dikoda huruhusu kuweka kikomo cha muda huo, na anayeweka kikomo kifupi amerudi pale alipoanzia. Mimi sina ugomvi na kapasita iliyowekwa kwenye kichwa kinachogusa reli vizuri, ikiwa akiba ya dharura. Ugomvi wangu ni na kichwa kinachoendeshwa nayo kila mita, huku uchafu ukiongezeka na hakuna anayeona dalili.

Wengine wataleta hoja ya betri: weka betri na redio ndani ya treni, na suala la reli chafu linakufa. Nakubali linakufa, na kwa kulikubali nashinda nusu ya mjadala, kwa kuwa mwenye betri amekiri kwamba tatizo lilikuwa mguso wala si ubora wa dikoda. Nusu nyingine inabaki palepale: ekseli iliyopinda inapinda kwa betri kama inavyopinda kwa reli.

Pingamizi lenye uzito wa kibinadamu ni hili: si kila mtu ni fundi. Dikoda ya kisasa huchomekwa kwenye soketi kwa dakika chache, ilhali kufungua gia kunatisha. Tena vichwa vya siku hizi vinatoka kiwandani vikiwa vimekamilika, kwa nini mtu avibomoe? Ukamilifu huo si wa kuaminiwa hivi hivi. Kiwandani gia hupakwa grisi, mara nyingi kupita kiasi, nayo ikikaa miaka ndani ya boksi hukauka ikawa kama nta. Vibati vyembamba vya shaba vinavyosugua migongo ya magurudumu ili kuchukua umeme vinaweza kuwa vimekazwa mno vikageuka breki, au vimelegea visiguse. Kuvirekebisha kunahitaji kibano na subira, si mashine ya kukereza chuma. Na utambuzi wa kosa hauhitaji kubomoa chochote. Ondoa dikoda, kipe kichwa umeme wa kawaida wa betri kikiwa kimelazwa chali, na pitisha umeme huo kwenye mita ya mshale. Ya namba huchelewa mno. Mshale ukitulia, chombo ni kizima. Ukiruka mara moja au mbili kwa kila mzunguko wa gurudumu, kosa liko kwenye ekseli, kwenye gia ya ekseli au kwenye fito zinazounganisha magurudumu. Ukitetemeka haraka pamoja na mota, tazama shafti, gia ya skrubu na kaboni. Ukianguka ovyo bila mpangilio, ni mguso. Jaribio hili la dakika tano humwambia mtu mengi kuliko siku nzima ya kubadili namba, na linamwambia pia asichohitaji kukigusa.

Fito zinastahili neno la ziada, kwa kuwa vichwa vya mvuke ndivyo vinavyolalamikiwa zaidi. Kwenye treni halisi pini za upande mmoja hukaa nyuzi 90 mbele ya zile za upande wa pili, ili pistoni moja ikiwa mwisho wa safari yake nyingine iwe katikati ya nguvu. Mfano huiga hivyo. Watu hujisumbua kutafuta nyuzi 90 kamili, na hilo si la lazima. Linalotakiwa ni ekseli zote ziwe na pembe ileile. Ekseli moja ikitofautiana na wenzake kidogo tu, fito hubana sehemu mbili za kila mzunguko, na hakuna CV iliyotungwa inayoweza kuigeuza pini kwenye gurudumu. Kutanua matundu ya fito huondoa mbano na kuleta mchezo mahali pake. Ni suluhu ya chini, ila bado ni ya kweli kuliko kupandisha nguvu ya mota.

Utaratibu ninaoutetea kwa hiyo unakwenda kinyume na ule wa dukani: magurudumu na njia kwanza, kisha vibati, gia na fito, kisha kichwa kizungushwe nusu saa mbele na nusu saa nyuma bila mzigo ili sehemu zake zizoeane, na dikoda iwe ya mwisho. Ikishawekwa, mtihani ni kuzima kwanza ule utaratibu wa kupima na kusahihisha, jambo ambalo dikoda nyingi zinaruhusu, kuiacha CV2 kwenye namba ndogo, na kukiachia kichwa mita moja ya njia kwenye hatua ya chini kabisa kinayoweza kuondokea. Kikiimaliza bila kusimama, washa usahihishaji kwa nguvu ya chini na upandishe kidogo kidogo mpaka mkato wa meno ya mota usionekane, halafu uishie hapo. Kikisimama, angalia ni gurudumu gani liko chini ya pini iliyobana, na kabla ya kugusa namba yoyote chunguza kama hakuna nywele iliyojisokota kwenye ekseli ya nyuma.